Tope Jeusi la Bahari ya Kati: Kazi ya Barafu au Kazi ya Mto?

Mwaka 1947 merikebu ya Kiswidi iitwayo Albatross iling'oa nanga katika bandari ya Gothenburg ili kuzunguka dunia na kuchunguza vilindi vya bahari. Kiongozi wa safari hiyo alikuwa Hans Pettersson. Miongoni mwa vyombo vilivyopakiwa lilikuwamo bomba refu la chuma lililobuniwa na Börje Kullenberg, ambalo liliweza kushushwa hadi sakafu ya bahari na kuchomoa mche wa tope wenye urefu wa mita nyingi bila kuvuruga mpango wa matabaka yake. Merikebu ilirejea mwaka 1948. Miche iliyotolewa katika sehemu ya mashariki ya Bahari ya Kati, yaani Mediterania, ilionyesha jambo la kushangaza. Tope la kawaida la huko lina rangi ya kijivu au ya kahawia hafifu. Lakini ndani yake mlikuwa na matabaka meusi, mengine membamba kama kidole, mengine yakikaribia shubiri, nayo yamejirudia moja juu ya jingine, yakitengwa na tope la kawaida.

Matabaka hayo yamezua swali ambalo wataalamu walilijadili kwa miongo kadhaa: je, ni barafu ya Kaskazini iliyoyafanya, au ni mto wa Afrika? Swali lenyewe si dogo. Likijibiwa vibaya, historia ya mvua ya nusu ya bara la Afrika husomwa vibaya pia. Tena lina sehemu inayowahusu wachunguzi wa lugha, kwa kuwa jina atakalopewa mtoto huyu katika Kiswahili laweza kubeba jawabu la kweli au jawabu la uongo.

MASHAPO NA CHOMBO CHAKE

Neno la kwanza linalohitajiwa Kiswahili tayari kinalo. Mashapo, kwa mpishi na kwa mnywaji, ni masalio mazito yanayobaki chini ya chombo baada ya maji kutulia. Elimu ya miamba haikuhitaji zaidi ya kukikuza chombo. Bahari ni chombo, na kila kinachozama ndani yake, ukiwa mchanga, vumbi, udongo laini au magamba ya viumbe wadogo, ni mashapo yake. Maana hiyo ya asili inafundisha mambo mawili. Kwanza, mashapo hutua kwa taratibu, ya kale chini na ya karibuni juu. Pili, anayeyatazama mashapo aweza kujua hali ya maji yaliyokuwa juu yake, kama vile anayetazama chini ya kikombe ajuavyo kilichonywewa.

Katika vilindi vya mashariki vya Bahari ya Kati mashapo huongezeka sentimita chache tu kwa kila miaka elfu. Kwa hiyo mche wa mita kumi ni kumbukumbu ya miaka laki kadhaa.

Sasa yafaa ieleweke jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi. Bahari ya Kati hupoteza maji mengi kwa jua na upepo kuliko inayopata kwa mvua na mito. Upungufu huo hujazwa na maji ya Atlantiki yanayoingia kupitia mlango wa Gibraltar. Maji hayo yakienda mashariki huzidi kuwa na chumvi, kutoka sehemu 36 hivi katika elfu hadi kufika karibu 39. Wakati wa baridi pepo za kaskazini huyapoza, hasa katika bahari ya Adriatiki. Nayo yakiwa na chumvi nyingi na ubaridi huwa mazito, yakazama. Yakizama huchukua oksijeni hadi chini kabisa, mahali penye kina kinachozidi mita 4,000. Hivyo ndivyo bahari hiyo inavyopumua.

Kwa sababu ya pumzi hiyo, mabaki ya viumbe yanayoanguka kutoka juu huliwa au kuoza kabisa kabla ya kufunikwa. Tope la kawaida la huko halina hata nusu ya sehemu moja katika mia ya kaboni ya viumbe. Lakini katika matabaka meusi kaboni hiyo hufika sehemu 2 katika mia na kuzidi. Zaidi ya hayo, magamba ya viumbe wanaoishi juu ya sakafu ya bahari hutoweka ghafula katika matabaka hayo, dalili kwamba chini hapakuwa na hewa ya kuwatosha. Ni dhahiri kwamba bahari iliwahi kuzibwa pumzi, si mara moja bali mara nyingi.

Kizibo chenyewe ni rahisi kukifikiri. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Yakimiminika kwa wingi juu ya bahari hukaa juu kama mfuniko juu ya chungu. Maji ya juu hayawezi tena kuwa mazito kiasi cha kuzama, na kilindi hubaki na hewa ile ile ya zamani mpaka iishe. Tena maji ya mto huleta chakula cha mimea midogo ya baharini, nayo ikistawi na kufa huongeza mabaki yanayoanguka chini. Wataalamu wameshindana juu ya kipi kati ya hivi viwili kilitangulia, kukosekana kwa hewa au kuzidi kwa mabaki. Yaelekea vyote viwili vilisaidiana. Bali yote mawili yanarudi kwenye swali moja: maji hayo matamu yalitoka wapi?

JAWABU LA BARAFU

Jawabu la kwanza lilielekea barafu, na si ajabu. Mwaka 1938, kabla hata ya Albatross kusafiri, mwanajiolojia wa Marekani W. H. Bradley alikwisha bashiri kwamba matope ya namna hii yangepatikana katika Bahari ya Kati, akiyahusisha na kupanda na kushuka kwa usawa wa bahari katika zama za barafu. Miche ilipopatikana, Eric Olausson aliichunguza na kutoa taarifa mwaka 1961, na baada yake wengi walishika mawazo yafuatayo. Zama za barafu zilipokwisha, theluji kuu iliyofunika kaskazini ya Ulaya iliyeyuka. Maji yake yakashuka kwa mito hadi Bahari Nyeusi, yakapita Bosporus na Dardanelles, yakatandaa juu ya Bahari ya Kati.

Jawabu hili lilikuwa na nguvu kwa sababu tatu. Njia ya maji ilikuwapo. Tabaka jeusi la juu kabisa lilitua baada ya barafu kuyeyuka, wala si kabla. Tena magamba ya foraminifera, yaani viumbe wa seli moja wanaojijengea nyumba za chokaa, yalionyesha katika matabaka meusi upungufu wa ile oksijeni iliyo nzito, ambao ni alama ya maji matamu. Lakini alama hiyo ya tatu haibagui. Maji ya barafu iliyoyeyuka hupungukiwa na oksijeni nzito, na maji ya mvua ya nchi za joto inyeshayo kwa wingi juu ya milima hupungukiwa vilevile. Shahidi huyu alithibitisha kwamba mgeni aliingia nyumbani. Hakuweza kusema aliingia kwa mlango upi.

JAWABU LA MTO

Mlango wa pili ulioneshwa na Martine Rossignol-Strick, mtaalamu wa chavua, pamoja na wenzake, katika maandishi yaliyotolewa mwaka 1982 na 1983. Wao waligeuza uso kutoka kaskazini hadi kusini, wakasema kwamba maji yaliyofunika bahari yalikuwa mafuriko ya Mto Naili, na kwamba mafuriko hayo yalitokana na kuongezeka kwa mvua za msimu katika Afrika.

Hapa yafaa lugha itazamwe kidogo. Neno msimu, lenye asili ya Kiarabu, ndilo pia mzizi wa jina ambalo mataifa ya Ulaya, kwa kupitia Wareno, huziita pepo hizi. Miezi ya mvua kubwa katika nyanda za juu za Ethiopia, tangu Juni hadi Septemba, ni miezi ile ile ambayo mabaharia wa pwani ya Afrika ya Mashariki huijua kuwa ya kusi. Msomaji wa Kiswahili basi hana haja ya kufundishwa kwamba upepo hugeuka kwa mwaka; linalobaki ni kufahamu kwamba nguvu ya mgeuko huo nayo hugeuka kwa maelfu ya miaka.

Sababu yake iko angani. Mhimili wa dunia hauelekei mahali pamoja daima, bali huyumba polepole kama pia inayozunguka. Nayo njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili. Kwa mambo hayo mawili kukutana, majira ambayo dunia huwa karibu zaidi na jua hubadilika, yakarudi yalipoanzia kwa kadiri ya miaka 21,000. Siku hizi dunia hulikaribia jua zaidi mwezi wa Januari. Miaka 11,000 hivi iliyopita ililikaribia katika kiangazi cha kaskazini. Jua la kiangazi hicho lilipokuwa kali zaidi, nchi kavu ya Afrika ya Kaskazini ilipata joto zaidi, ikauvuta upepo wa mvua mbali zaidi kuelekea kaskazini. Sahara ikaota majani. Maziwa yakajaa mahali ambapo leo ni mchanga. Mifupa ya viboko na mamba imeonekana huko, na juu ya majabali ya Tassili n'Ajjer watu waliacha picha za ng'ombe.

USHAHIDI WA WAKATI

Kati ya majawabu mawili hayo, aliyeamua hasa ni wakati.

Kama matabaka meusi yangekuwa kazi ya kuyeyuka kwa barafu, yangefuata hesabu ya barafu, yaani kila mara baada ya zama za barafu kwisha. Hayafuati. Tabaka la juu lilianza miaka 10,800 hivi iliyopita na kukoma miaka 6,100 hivi iliyopita, hali kilele cha maji ya barafu yaliyoshuka kwenda Bahari Nyeusi kilitangulia kwa maelfu ya miaka. Tabaka jingine maarufu, lenye umri wa karibu miaka 125,000, lilitua katika kipindi cha joto. Lakini lile lenye umri wa karibu miaka 175,000 lilitua wakati barafu ingali imetawala. Tena miaka 21,000 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa katika upeo wake na bahari imeshuka kabisa, hapakutua tabaka jeusi lolote. Chini palikuwa na hewa.

Hoja ya mwisho hupatikana nchi kavu. Katika Sisilia tope la bahari ya kale limeinuliwa na kuwa majabali meupe, na ndani ya majabali hayo mistari ya giza huonekana kwa macho, ikijirudia kwa utaratibu. Mingi kati ya hiyo ina umri wa miaka milioni kadhaa, nayo ni ya kabla ya zama kuu za barafu za kaskazini kuanza. Haiwezekani kitu kifanywe na barafu ambayo haijakuwapo. Mwaka 1991 Frits Hilgen aliilinganisha mistari hiyo na hesabu ya kuyumba kwa mhimili, ikapatana hata ikawa kipimo cha kurekebishia kalenda ya miamba. Matabaka meusi hufuata jua la kiangazi cha Afrika, barafu hayaifuati.

USHAHIDI WA UDONGO

Shahidi mwingine ni udongo wenyewe. Nyanda za juu za Ethiopia zimefunikwa na miamba ya volkeno yenye umri mdogo kwa hesabu ya miamba, na udongo wake una alama za madini zisizofanana na zile za vumbi la Sahara, litokalo katika miamba ya kale sana. Kwa kupima madini kama stronti na neodimi katika mche wa tope, huweza kujulikana fungu lililoletwa na mto na fungu lililoletwa na upepo. Katika vipindi vya matabaka meusi vumbi hupungua, na alama ya Naili huzidi.

Hata hivyo kipimo hiki hutaka uangalifu, kwa kuwa wingi wa maji si sawa na wingi wa tope. Mvua ikizidi, majani na miti huota na kuushika udongo wa mlimani. Ikipungua, mlima hubaki wazi, na mvua chache zinazonyesha huuchukua udongo kwa urahisi. Mkulima yeyote wa mteremkoni analijua jambo hili. Kwa hiyo asiyetafakari aweza kuhesabu tope jingi kuwa ni mvua nyingi, naye akakosea.

Tena Naili ni mto wenye mikono miwili isiyofanana. Naili ya Buluu, itokayo Ziwa Tana, pamoja na Atbara, ndiyo ya mafuriko na ya tope: zaidi ya sehemu tisa katika kumi za udongo wote hutoka huko. Naili Nyeupe hutoka Ziwa Viktoria, nayo huacha tope lake katika maziwa na katika kinamasi cha Sudd, ikafika Khartoum na maji yaliyochujwa. Lakini nayo ina habari yake. Miche iliyotolewa chini ya Ziwa Viktoria, ambalo leo lina kina cha karibu mita 80, imeonyesha kwamba kuelekea mwisho wa zama za barafu ziwa hilo lilikauka. Lilianza kujaa tena karibu miaka 15,000 iliyopita, na lilipofurika maji yake yakarudi kuingia Naili. Mvua iliyolijaza Nyanza na mvua iliyoiziba pumzi Bahari ya Kati zilitokana na badiliko moja la majira ya Afrika.

KAZI ILIYOBAKI KWA BARAFU

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuifukuza barafu kabisa katika habari hii. Maji yalipofungwa katika barafu, usawa wa bahari ulishuka kwa kadiri ya mita 120. Naili ulichimba njia yake chini zaidi, ukapita juu ya nchi ambayo leo imefunikwa na bahari, ukamwaga mchanga na tope ukingoni kabisa, vikateremka moja kwa moja hadi kilindini. Barafu ilipoyeyuka, pwani ilirudi nyuma. Na ni baada ya mwendo wa bahari kupungua, kati ya miaka 8,500 na 6,500 iliyopita, ndipo tope lilipoanza kukaa mdomoni mwa mto na kuijenga delta ya Misri kama ijulikanavyo. Hali kadhalika kuingia kwa maji ya barafu katika bahari kuu kuliyapunguzia maji ya juu chumvi na uzito, hata mfuniko wa Naili ulipokuja ukakuta kilindi kimekwisha kuchoka.

Kwa ufupi, barafu iliamua mahali mashapo yatakapotua. Mvua na mto viliamua yatakuwa mashapo ya namna gani. Aliyechanganya kazi hizi mbili ndiye aliyepotea.

Katika siku zetu mkono wa tatu umeongezeka. Tangu mwaka 1964, maji yalipoanza kukusanywa nyuma ya Bwawa Kuu la Aswan, ambalo ujenzi wake ulikwisha mwaka 1970, karibu tope lote la mafuriko hubaki katika ziwa lililofanywa huko. Pwani ya Rashid, iliyojengwa na mto kwa karne nyingi, imeliwa na mawimbi. Atakayechomoa mche wa tope mbele ya delta miaka elfu kumi ijayo ataikuta alama ya bwawa hilo, nyembamba lakini wazi.

JUU YA JINA

Imebaki habari ya jina. Katika lugha za Ulaya tabaka hili huitwa kwa neno lililoundwa kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya kuoza na la pili lenye maana ya tope. Kiswahili chaweza kufuata njia tatu.

Ya kwanza ni kusema "tope jeusi", kama ilivyosemwa hapa kwa wepesi. Jina hili lapendeza sikioni, lakini hudanganya. Baada ya bahari kuanza kupumua tena, oksijeni hupenya chini na kuunguza sehemu ya juu ya tabaka, na weusi ukatoweka; unene wa asili hujulikana kwa madini ya bari yaliyobaki, wala si kwa rangi. Mwenye kushika jina la rangi atapunguza miaka ya mafuriko bila kujua. Ya pili ni kutaja chanzo, mathalani "tope la mafuriko". Hili ni baya zaidi, maana latoa hukumu ndani ya jina. Laiti Kiswahili kingeliunda jina mwaka 1961, huenda lingeitwa "tope la barafu", na wanafunzi wangeendelea kulirithi kosa baada ya wataalamu kuliacha.

Ya tatu ni kutaja kile kilichomo. Mboji ni neno la shambani, nalo humaanisha mabaki ya majani na viumbe yaliyooza na kuchanganyika na udongo. "Tope la mboji" halisemi rangi, wala halisemi chanzo. Lasema kwamba ni tope lililohifadhi mabaki ya viumbe, jambo ambalo kila mtaalamu hulikubali na ambalo hupimwa kwa hesabu. Kwa maandishi ya kitaalamu sana laweza kwenda pamoja na neno la mkopo, sapropeli, ili msomaji apate kulitambua katika vitabu vya kigeni. Katika kamusi, "tope la mboji" litangulie na sapropeli ifuate, na maelezo yaanze kwa kiasi cha kaboni, ndipo ije habari ya Naili na mvua zake.